Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kazi ya uongozi katika utetezi wa haki za uzazi, Arusha na Moshi

Maswali haya yameletwa na wanafunzi na wahitimu wa vyuo vya huku kwetu, wauguzi waliochoka na zamu za usiku, na wazazi wanaotaka kujua binti yao anakwenda kufanya kazi gani. Nimeyaweka jinsi yanavyokuja, si kwa uzito. Pale nilipo na msimamo, nimeuacha uonekane.

Kwani kazi yenyewe ni nini? Mnashinda mnafanya nini?

Tunasoma makaratasi na tunakaa vikaoni. Watu wengi wanatuona Machi 8 na zile siku 16 za kupinga ukatili, Novemba 25 hadi Desemba 10, tumevaa fulana na tumebeba mabango, basi wanadhani kazi ndiyo hiyo. Hizo ni wiki chache za mwaka. Siku nyingine zote mtu anachambua bajeti ya halmashauri, anafuatilia kama waraka uliotoka Dodoma umemfikia mkuu wa shule au umelala kwenye faili la mtu, anamwandalia diwani kurasa mbili kabla ya baraza, anakaa na mganga mfawidhi kujua kwa nini sindano za uzazi wa mpango ziliisha katikati ya mwezi.

Uwanja wenyewe ni mpana: uzazi wa mpango, usalama wa mama anapojifungua, ukeketaji, ndoa za utotoni, msichana aliyepata mimba akiwa shuleni, huduma kwa aliyeharibikiwa mimba, hata likizo ya uzazi ya dada anayekata maua kwenye mashamba ya Usa River. Hakuna anayevimudu vyote. Chagua kimoja au viwili, uvijue kiasi kwamba mtu wa wizarani akikwama anakupigia wewe.

Ni lazima niwe mwanasheria au daktari?

Hapana. Wanasheria wanahitajika, na Chuo Kikuu cha Makumira wanafundisha sheria. Madaktari na wauguzi wanaotoka hospitali ya KCMC, Moshi, wana faida ya kuaminiwa mapema, kwa sababu wameona mama akivuja damu kwa macho yao. Lakini nafasi nyingi za sera nilizoziona zikijazwa zimechukuliwa na watu wa maendeleo ya jamii, ustawi wa jamii, takwimu, uandishi wa habari, na wahasibu. Wahasibu hasa. Mtu anayeweza kufungua kitabu cha bajeti akaonyesha ni kifungu gani kilikatwa na kikahamishiwa wapi, huyo hakosi kazi.

Kinachowaangusha wengi si shahada, ni namba. Nitoe mfano mmoja. Utafiti wa taifa wa afya na demografia wa 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukaleta 104. Bado kuna wenzetu wanapanda jukwaani na 556, na afisa yeyote wa serikali aliyejiandaa anawamaliza kwa sentensi moja. Upande mwingine, tafiti hizohizo mbili zinaonyesha matumizi ya njia za kisasa za uzazi wa mpango kwa wanawake walioolewa hayakusogea: asilimia 32, kisha 31. Mtetezi anayejua kazi yake anakubali kwanza kwamba vifo vimeshuka sana, anawapongeza waliohusika, halafu anauliza kwa nini hii ya pili imesimama. Hapo anasikilizwa.

Shikamoo dada. Nimemaliza chuo cha maendeleo ya jamii Tengeru, niko nyumbani Moshi, sina kazi wala mtu wa kunishika mkono. Nianzie wapi?

Marahaba mdogo wangu. Anzia kwenye kata yako.

Tangu 2017 nchi ina mpango wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ule tunaouita MTAKUWWA, na kwa mpango huo kila ngazi kuanzia mtaa na kijiji inatakiwa kuwa na kamati. Baadhi zinakutana, nyingine zipo kwenye karatasi tu. Nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, jitambulishe, uliza kamati inakutana lini, na uombe kuandika muhtasari. Kila kamati ina uhaba wa mtu wa kuandika muhtasari. Ukiuandika vizuri, ndani ya muda mfupi utajua kesi zinakwamia wapi: ni polisi kwenye fomu ya matibabu, PF3, ni dawati la jinsia lisilo na usafiri, au ni familia zilizomalizana nyumbani kwa mbuzi na blanketi.

Njia ya pili ni usaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria waliopitia mafunzo, si lazima wawe mawakili. Moshi kuna KWIECO, asasi ya msaada wa kisheria kwa wanawake iliyoanza 1987, na kuna NAFGEM wanaoshughulika na ukeketaji. Arusha kuna MWEDO na Baraza la Wanawake Wafugaji wanaofanya kazi na akina mama wa Kimaasai. UMATI, chama cha uzazi na malezi bora, ina historia ndefu kuliko wote, tangu 1959, kabla hata ya Uhuru. Waandikie barua ya ukurasa mmoja ukieleza umefanya nini kwenye kata yako. Hapo ndipo ule muhtasari unapokuwa na thamani kuliko cheti.

Jambo moja zaidi: kujitolea ni sawa, kujitolea bila nauli si sawa. Taasisi inayotetea haki za wanawake halafu inamwacha binti atembee kwa miguu kutoka Majengo mpaka ofisini kila siku ina tatizo, na una haki ya kuliuliza.

Kila mtu anasema Arusha ni mahali pazuri kwa kazi hii. Kwa nini, wakati wizara zote ziko Dodoma?

Kwa sababu ya majengo ambayo tunapita mbele yake kila siku bila kuyatazama.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapa. Mei 11, 2018 ilitoa hukumu dhidi ya Mali, ikisema sheria ya familia ya nchi ile imevunja Itifaki ya Maputo, pamoja na mambo mengine kwa kuruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18. Itifaki hiyo ndiyo mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, ilipitishwa 2003, na Tanzania iliiridhia 2007. Ukiwa mwanafunzi wa Arusha unaweza kupanda kifodi ukaenda kusikiliza kesi, wakati mwenzako wa Lusaka anaisoma kwenye simu.

Kabla ya hapo, kituo cha mikutano cha AICC kilikuwa makao ya mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Humo ndimo Septemba 2, 1998, katika kesi ya Jean-Paul Akayesu aliyekuwa meya wa Taba, mahakama ya kimataifa ilitamka kwa mara ya kwanza kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Hukumu hiyo inasomwa vyuo vya sheria dunia nzima. Wengi wetu tunaijua AICC kwa maonyesho na harusi.

Halafu ipo Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye bunge ambalo kila nchi inatoa wabunge 9, na mahakama yake. Muswada wa afya ya uzazi uliingia bungeni humo 2017, ukarudi tena 2021, na kila mara ulizua ubishi mkali. Na ofisi za Jumuiya ya Afya ya Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika nazo ziko hapahapa. Kazi za utafiti, tafsiri, uandishi wa taarifa na uratibu wa mikutano zinazunguka mjini humu mwaka mzima.

Ila msidanganyike. Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililokuwa linawaruhusu watu binafsi na asasi kupeleka kesi moja kwa moja Mahakama ya Afrika, na hatua hiyo ikaanza kufanya kazi mwaka mmoja baadaye. Kwa hiyo Mtanzania anayeishi umbali wa dakika chache kutoka kwenye mahakama hiyo analazimika kupita kwingine, kama Tume ya Afrika iliyoko Banjul. Na ile ya Afrika Mashariki inataka ufungue shauri ndani ya miezi miwili tangu jambo lilipotokea. Miezi miwili ni mifupi mno: wengine wanakuja kuuliza ukiwa umeshapita mwaka.

Je, nitafungwa? Mama yangu anasema kazi hii ni ya kutoa mimba.

Mpe mama heshima yake, swali ni la haki. Mweleze hivi.

Kutoa mimba ni kosa Tanzania Bara. Kanuni ya Adhabu, vifungu vya 150 hadi 152, inaweka kifungo cha hadi miaka 14 kwa anayemtoa mwanamke mimba, hadi miaka 7 kwa mwanamke mwenyewe, na hadi miaka 3 kwa anayetoa dawa au vifaa akijua vinakwenda kufanya nini. Kifungu cha 230 kinamlinda mganga anayefanya upasuaji kwa nia njema ili kuokoa maisha ya mama. Itifaki ya Maputo, ibara ya 14, inazitaka nchi ziruhusu huduma hiyo pia kwa aliyebakwa, kwa mimba ya maharimu, na pale afya ya mwili au ya akili ya mama inapokuwa hatarini. Tuliiridhia, lakini haijaingizwa kwenye Kanuni ya Adhabu. Pengo hilo ndipo hoja ya kisera ilipo, na kulizungumza kwa hoja, mbele ya wabunge, wanasheria na madaktari, ni kazi halali kabisa.

Kumwelekeza mtu mahali pa kutolewa mimba ni jambo jingine, na taasisi makini ina mwongozo ulioandikwa unaoeleza mstari uko wapi. Siku ya kwanza kazini omba kuusoma. Kama haupo, wewe ndiye wa kusema uandikwe.

Na kuna kitu ambacho watu wa kawaida hawakijui, hata baadhi ya watumishi wa afya: mwanamke anayefika kituoni akivuja damu kwa mimba iliyoharibika, kwa sababu yoyote ile, anatakiwa kutibiwa. Huduma hiyo ni halali na ina miongozo ya wizara. Anayemhoji kwanza kabla ya kumzuia damu anaweza kumpoteza. Ukitaka kueleza kazi hii kwa mama mkwe, anzia hapo.

Kesi mahakamani inabadilisha kitu kweli?

Inabadilisha, lakini haimalizi. Tazameni Sheria ya Ndoa ya 1971. Vifungu vya 13 na 17 vinaruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, wakati mvulana anasubiri 18, na mahakama inaweza kutoa idhini hata kwa miaka 14. Rebeca Gyumi, mwanasheria kijana na mwanzilishi wa Msichana Initiative, alivipeleka Mahakama Kuu, na Julai 8, 2016 ikatamkwa kwamba vinakiuka Katiba. Serikali ilipewa mwaka mmoja kurekebisha. Mwanasheria Mkuu akakata rufaa. Oktoba 23, 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Katikati ya hayo, 2018, Gyumi alipewa Tuzo ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Binadamu.

Ushindi kamili, si ndiyo? Kumbe baada ya hapo ndipo ikaja kazi isiyo na tuzo: mashauriano, kukusanya maoni, viongozi wa dini wanaosema hawakushirikishwa, kamati ya Bunge inayoomba muda, mwaka baada ya mwaka. Wanaobeba kesi hadi hukumu wanajulikana. Wanaobaki na muswada baada ya kamera kuondoka hawajulikani, na wanahitajika zaidi. Kama una subira ya kukaa kwenye chumba kimoja na watu ambao hawakubaliani na wewe, mara ya nne, kwa ajenda ileile, basi una kipaji kinachotafutwa.

Na msilete kesi kwa sababu mfadhili anapenda kesi.

Waraka ule wa wasichana kurudi shuleni umeshamaliza tatizo?

Umefungua mlango. Juni 2017, akiwa Chalinze, Rais Magufuli alisema msichana aliyejifungua hatarudi kwenye shule ya serikali. Novemba 24, 2021 waziri wa elimu, Profesa Joyce Ndalichako, akatangaza kwamba wanaruhusiwa, na Waraka wa Elimu Namba 2 wa 2021 ukafuata. Kati ya tarehe hizo mbili kuna watu waliopeleka malalamiko kwenye Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki za Mtoto. Uamuzi wake ulitoka 2022, na ulisema Tanzania ilivunja haki za wasichana hao.

Lakini waraka ni waraka. Waziri mwingine anaweza kuuondoa kwa saini yake. Na mkuu wa shule ambaye hajauona anaendelea na desturi ya zamani: binti anaambiwa "subiri muhula ujao", halafu muhula ujao anaambiwa nafasi imejaa. Kwa hiyo kuna kazi mbili: kusukuma jambo liingie kwenye sheria na kanuni, na kuhakikisha nakala iko ukutani Karatu na Same. Ya pili inaonekana ndogo. Nimeona binti akirudi darasani kwa sababu tu mratibu elimu kata alitoa nakala kwenye mkoba wake na kuisoma kwa sauti mbele ya bodi ya shule.

Kila semina tunaambiwa "fuatilieni bajeti". Inafuatiliwaje?

Kwa kujua kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini ukianza kulalamika Julai umechelewa karibu mwaka mzima. Mipango ya vijiji, mitaa na vituo huandaliwa miezi ya mwisho ya mwaka, baraza la madiwani linajadili mwanzoni mwa mwaka, kisha mkoa na TAMISEMI, halafu Bunge kuanzia Aprili hadi Juni. Kitabu unachokitafuta kwa upande wa afya ni Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri. Kituo nacho kina mpango wake na kamati ya usimamizi yenye wananchi ndani, na tangu 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya zinakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Yaani zahanati ya kijijini ina kiasi fulani cha kuamua. Wengi hawajui hata hilo.

Nieleze kilivyo kwa karibu. Kwenye kikao cha wilaya moja ya wafugaji tulionyeshwa kwamba vipandikizi vya uzazi wa mpango vipo vya kutosha vituoni. Ni kweli vilikuwepo. Tulipofika zahanati, muuguzi alifungua kabati, boksi limejaa, halijaguswa. Tukauliza, mbona akina mama wanarudishwa? Akatuonyesha rafu ya pili: dawa ya ganzi hakuna, glovu zimebaki za kujifungulia tu. Kipandikizi hakiwekwi bila ganzi. Vipandikizi vilikuja kwa mradi, ganzi na glovu vinatakiwa kuagizwa na kituo kutoka Bohari ya Dawa, Kanda ya Moshi, kwa pesa ya kituo, na aliyepanga bajeti hakuviunganisha hivyo viwili. Taarifa ya wilaya ilikuwa sahihi na mama alirudi nyumbani mikono mitupu. Hoja tuliyoiandika baadaye haikuwa na neno "haki" hata mara moja. Ilikuwa na orodha ya vifaa na bei zake, na ilipita.

Nawaambia vijana: hiyo ndiyo sera. Hotuba nitawasaidia kuandika baadaye.

Viongozi wa dini na wa mila mnawawezaje?

Kwa kuwatembelea kabla hujahitaji kitu. Kilimanjaro huwezi kulikwepa kanisa: Machame ni hospitali ya Walutheri, Kibosho ni ya Wakatoliki, KCMC yenyewe imezaliwa na makanisa. Hospitali ya Kikatoliki haitoi njia za kisasa za uzazi wa mpango, na kwenda kubishana na padre kuhusu hilo ni kupoteza mchana. Kinachofanya kazi ni kukubaliana kwamba zahanati ya serikali iliyo karibu isikose vifaa, na kwamba mama akiuliza hospitalini asidanganywe mahali zinapopatikana. Padre na mchungaji haohao wanakuwa washirika wazuri sana kwenye ndoa za utotoni na ukeketaji. Usipoteze mshirika wa mambo mawili kwa sababu ya moja.

Upande wa Monduli, Longido na Ngorongoro ni malaigwanani, viongozi wa mila wa Kimaasai. Utafiti wa 2015/16 ulikuta asilimia 41 ya wanawake wa mkoa wa Arusha walio kwenye umri wa kuzaa wamekeketwa, na Manyara 58, wakati wastani wa nchi ulikuwa 10. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 inampa anayemkeketa msichana wa chini ya miaka 18 kifungo cha miaka 5 hadi 15. Kilichotokea sehemu nyingine ni kwamba ngariba wakahamia kwa watoto wachanga, ambako hakuna sherehe wala ngoma ya kumshtua mtendaji. Hilo halikuonwa kwanza na polisi. Lilionwa na wakunga na bibi zao watoto. Kiongozi asiyekaa na bibi hao, akala nao, akanyamaza wakati wanaongea, atapata habari hiyo ikiwa imezeeka.

Mishahara ikoje? Na ajira zitadumu?

Sitataja viwango, vinatofautiana mno. Kuhusu kudumu, niwe mkweli: kazi hii imekuwa ikiendeshwa kwa fedha za nje kupita kiasi, na fedha za nje zina siasa zake. Tangu 1984 Marekani ina sera inayozinyima fedha asasi za nje zinazotoa au kutetea huduma ya kutoa mimba. Rais wa Republican akiingia anairudisha, wa Democratic akiingia anaifuta: Clinton alifuta 1993, Bush akarudisha 2001, Obama akafuta 2009, Trump akarudisha 2017, Biden akafuta 2021, Trump tena Januari 2025. Mwaka huohuo wa 2025 misaada ya USAID ikasitishwa na shirika lenyewe likafungwa. Huku kwetu kuna watu walipata barua ya kusimamishwa kazi wakiwa semina, wengine wakiwa na mkopo wa kiwanja Njiro.

Kwa hiyo kiongozi wa sasa anapimwa pia kwa vyanzo vyake vya fedha. Michango ya wanachama, kazi za ushauri, ruzuku ndogo kutoka pande tofauti, na kusukuma mambo yabebwe na bajeti ya serikali ili yasife mradi unapokufa. Wewe binafsi usijenge maisha juu ya mkataba wa mwaka mmoja. Kuwa na ujuzi unaouzika kwingine.

Nisajili NGO yangu?

Bado. Najua jina umeshalipata na nembo imechorwa. Sheria ya NGO ya 2002, pamoja na marekebisho ya 2019, inakutaka usajili, taarifa ya kila mwaka, hesabu na uwazi wa fedha. Watu wawili wasio na mhasibu hawaiwezi, na deni la ada linakufuata. Fanya kazi ndani ya asasi ya watu wengine kwanza, ikiwezekana uingie kwenye bodi ya asasi ndogo ya mtaani. Bodi ndiyo shule ya uongozi isiyo na ada: utajifunza kusoma hesabu, kumwajiri mkurugenzi, na kumwambia hapana.

Mwanaume anaweza kuongoza kazi hii?

Anaweza, na wapo. Ajue tu kwamba kwenye chumba cha akina mama kuna siku kazi yake ni kubeba viti.

Kiingereza changu ni kibovu. Nitafika mbali?

Utahitaji cha kusomea na kuandikia maombi ya fedha, na hicho kinafundishika. Lakini Jumuiya ya Afrika Mashariki imekifanya Kiswahili lugha rasmi tangu 2021, Umoja wa Afrika ukakipitisha kuwa lugha ya kazi 2022, na madiwani wote unaotaka kuwashawishi wanaongea Kiswahili. Nimeona wataalamu wakilipwa vizuri wakashindwa kueleza mimba kutunga nje ya kizazi kwa Kiswahili kinachoeleweka. Anayeweza kulieleza hilo Himo sokoni ana nafasi.

Nina mtoto mchanga. Uongozi utaniwezekana?

Gertrude Mongella wa Ukerewe ni mama wa watoto, na ndiye aliyekuwa katibu mkuu wa mkutano wa dunia wa wanawake wa Beijing wa 1995, kisha rais wa kwanza wa Bunge la Afrika mwaka 2004. Lakini sitaki kukujibu kwa mfano wa mtu mmoja mkubwa, maana anayerudi kazini asubuhi na kifua kimejaa maziwa ni wewe.

Jua haki yako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, siku 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na ukirudi una hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Zidai hata kama mwajiri wako ni asasi ya haki za wanawake. Hasa kama ni asasi ya haki za wanawake. Unapofanyiwa usaili wa nafasi ya juu, uliza sera ya safari kwa mama anayenyonyesha: je, wanamlipia dada wa kumsaidia mtoto? Jibu litakuambia mengi kuhusu mahali hapo. Mwajiri mmoja, sitamtaja, aliwahi kunijibu kwamba "hilo halijawahi kujitokeza", wakati nusu ya wafanyakazi wake walikuwa wanawake wa chini ya miaka 35.

Tunaruhusiwa kupiga picha wasichana tunaowasaidia? Mfadhili anataka "ushuhuda".

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na habari za afya ya mtu na za mtoto zinalindwa zaidi. Lakini hata bila sheria: Moshi ni mji mdogo. Ukificha uso ukaacha sketi ya shule, mlima nyuma na jina la kata, umeshamtaja. Usiweke. Mfadhili akisisitiza, mpe picha ya jengo, ya rejista iliyofunikwa, ya mikono ya muuguzi. Akikataa hizo pia, andika barua ya kukataa fedha, isainiwe na mkurugenzi na si na afisa mawasiliano, na nakala yake iende kwenye bodi.